Tani Moja ya Makombo

Katika vitabu vya serikali ya jimbo la California, Marekani, kila nishati inayoendesha gari ina namba yake. Namba hiyo hueleza ni gramu ngapi za gesijoto, zikipimwa kwa uzito wa hewa ukaa, zinazoingia angani kwa kila megajuli moja ya nishati, tangu mafuta yanapochimbwa au kutengenezwa hadi yanapoungua ndani ya injini. Dizeli ina takriban 100. Gesi iliyovunwa kwenye dampo la taka na kusafishwa iliwahi kuandikiwa 11.26. Gesi inayotengenezwa kwa mabaki ya chakula yaliyozuiwa yasifike dampo iliandikiwa namba iliyo chini ya sifuri.

Anayeiona namba hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kushtuka. Gesi yenyewe ni methani, na kikemia haitofautiani hata chembe na methani inayochimbwa Songosongo, Tanzania. Ikiungua hutoa gramu 55 hivi za hewa ukaa kwa kila megajuli. Mtambo unaoitengeneza unakula umeme, na malori yanayosomba makombo kutoka hotelini na sokoni yana moshi wake. Hakuna hatua hata moja katika safari hiyo inayofyonza kaboni kutoka angani na kuifungia mahali. Hasi hiyo inatoka wapi?

Hatua ya kwanza ya jibu haina utata mkubwa. Kaboni iliyo ndani ya ganda la ndizi au wali uliochacha ilitoka hewani msimu mmoja au miwili iliyopita, pale mmea ulipokua. Ikirudi hewani kama hewa ukaa, wahasibu wa tabianchi huiandika sifuri, kwa kuwa ingerudi kwa njia yoyote ile. Zile gramu 55 basi zinafutwa. Lakini kufuta kunatufikisha kwenye sifuri tu. Kushuka chini yake kunahitaji jambo lingine, nalo liko dampo, mahali ambapo makombo haya hayakufika.

Tuchukue tani moja ya mabaki ya chakula, kilo 1,000, tuifuate kwa kanuni zilizotolewa na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, mwaka 2006. Katika mabaki mabichi, kaboni inayoweza kuoza ni asilimia 15 ya uzito: kilo 150. Kanuni inachukulia kwamba nusu yake ndiyo huoza kweli chini ya tabaka la taka, yaani kilo 75. Pasipo na hewa, vijidudu hugawa kaboni hiyo karibu nusu kwa nusu, sehemu moja ikawa hewa ukaa na nyingine methani. Kilo 37.5 za kaboni zinakwenda kwenye methani, na ukiongeza uzito wa hidrojeni inayoshikamana nayo unapata kilo 50. Tani moja ya makombo, kilo 50 za methani.

Kwa mujibu wa ripoti ya IPCC ya mwaka 2021, kilo moja ya methani ya aina hii inapasha joto dunia mara 27 kuliko kilo ya hewa ukaa ukipima kwa miaka 100. Kama kilo zote 50 zingetoka, tungekuwa na tani moja na theluthi ya hewa ukaa kutokana na tani moja ya chakula kilichotupwa.

Hazitoki zote. Dampo kubwa la Marekani lina visima na mabomba ya kunyonya gesi, na gesi ikishanyonywa huchomwa au kuuzwa. Udongo wa juu nao una vijidudu wanaokula methani kidogo kabla haijatoka. Kwa miaka mingi wahasibu wametumia makadirio mawili: asilimia 75 ya methani inanaswa na mabomba, na asilimia 10 ya inayobaki inaliwa na udongo. Kwa tani yetu zinabaki kilo 11.25 zinazofika angani, ambazo ni sawa na kilo 304 za hewa ukaa.

Sasa tani hiyo hiyo tuipeleke kwenye mtambo wa bayogesi. Mtambo mmoja wa namna hii uko Perris, kusini mwa California, mali ya kampuni ya taka ya CR&R. Makombo na majani ya bustani huingia kwenye matangi yaliyofungwa yasipitishe hewa, vijidudu wale wale wa dampo wakafanya kazi yao kwa joto wanalolipenda, gesi ikasafishwa, na tangu 2018 imekuwa ikiingizwa kwenye bomba la kampuni ya gesi ya kusini mwa jimbo hilo. Malori ya taka ya kampuni yenyewe hutembea kwa gesi hiyo. Kwa hesabu yetu, tuseme tani moja inatoa mita za ujazo 60 za methani. Hizo ni kama kilo 43, zenye megajuli 2,150, sawa na nishati iliyo ndani ya lita 60 za dizeli.

Hapa ndipo hasi inapozaliwa. Mhasibu anazichukua zile kilo 304 ambazo zingetoka dampo na hazikutoka, anazigawa kwa megajuli 2,150, anapata gramu 141 kwa kila megajuli, kisha anaziandika upande wa kutoa. Halafu anajumlisha madeni. Tuseme umeme, malori na usafishaji wa gesi vinakula gramu 30. Tuseme pia mtambo unavujisha asilimia 2 ya methani yake, ambayo ni gramu 11 nyingine. Jumla yake ni hasi 100. Kwenye karatasi, lori linalochoma gesi hii linalisafisha anga kwa kiasi kile kile ambacho lori la dizeli linalichafua.

Mimi siiiti hesabu hii udanganyifu. Methani iliyozuiwa ni methani iliyozuiwa, na anga linaipata nafuu hiyo kweli. Lakini ni muhimu kujua namba hiyo inaeleza nini. Haielezi sifa ya gesi. Inaeleza dampo, tena dampo kama lingekuwa. Ni kama kumlipa mlinzi kwa kuhesabu wizi ambao haukutokea: malipo yatakuwa ya haki ikiwa tu tunajua mtaa ule ungeibiwa mara ngapi asipokuwepo.

Na je, tunajua? Oktoba 2023, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa ripoti kuhusu chakula kinachozikwa madamponi. Lilikadiria kwamba asilimia 61 ya methani inayozalishwa na chakula hicho hainaswi na mabomba, bali huingia angani. Linganisha na ile robo ya kanuni ya zamani. Tofauti hii haitokani na mabomba mabovu peke yake. Chakula huoza upesi. Ripoti hiyo inasema nusu ya kaboni yake inayogeuka gesi imeshaondoka ndani ya miaka 3.6. Wakati huohuo sheria ya taifa imekuwa ikiruhusu sehemu ya dampo inayoendelea kupokea taka ikae hadi miaka mitano kabla ya kuwekewa visima vya gesi. Mabomba yanapowasili, chakula kimeshamaliza kazi yake. Asilimia 75 inaweza kuwa kweli kwa dampo lililofunikwa na kukamilika, likipimwa siku moja. Kwa maisha mazima ya ganda la ndizi, haiwi kweli. Karatasi na mbao huoza polepole zikasubiri bomba; chakula hakisubiri.

Wengine wameacha kukadiria wakaenda kuangalia kwa macho ya vyombo. Ndege zenye kamera zinazoiona methani zilipita juu ya California, na matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2019, yalionyesha kwamba kati ya vyanzo vikubwa vilivyoonekana, madampo yalichangia asilimia 41, kuliko mabwawa ya samadi na kuliko visima vya mafuta na gesi. Machi 2024 jarida la Science lilichapisha uchunguzi mpana zaidi wa madampo zaidi ya 200 nchini Marekani. Zaidi ya nusu yalikuwa na mawingu ya methani yanayoonekana toka angani, na kwa wastani madampo hayo yalikuwa yakitoa mara 1.4 ya kiasi kilichokuwa kimeripotiwa serikalini.

Irudie basi hesabu yetu kwa asilimia 61. Kilo 30.5 zinatoka badala ya 11.25. Hizo ni kilo 824 za hewa ukaa, gramu 383 kwa kila megajuli. Toa madeni yale yale, utapata hasi 342. Mtambo haujabadilika hata kidogo, makombo ni yale yale, lori ni lile lile. Tulichobadilisha ni sentensi moja kuhusu mahali ambapo makombo hayakwenda.

Sasa ichokoze hesabu kutoka upande wa mtambo. Badala ya kuvuja asilimia 2, uvuje 5. Deni la uvujaji linapanda kutoka gramu 11 hadi 27. Ni gramu 16 za tofauti, wakati uchaguzi wa dampo ulitupa tofauti ya zaidi ya gramu 240. Wakaguzi huenda mtamboni, husoma mita ya umeme, hupima gesi inayoingia kwenye bomba, hukagua stakabadhi za malori. Yote hayo ni sawa na yanastahili kufanywa. Ila uzito wa namba hauko hapo. Uko kwenye kilima cha taka kilomita nyingi mbali, ambako mkaguzi huyo hana ruhusa ya kuingia wala sababu ya kwenda.

Tatizo la pili limeletwa na jambo jema. Mwaka 2016 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria inayojulikana kwa namba yake, SB 1383. Sheria hiyo ililenga kupunguza kwa asilimia 75 taka za kuoza zinazozikwa madamponi ifikapo 2025, ukilinganisha na mwaka 2014. Kanuni zake zilianza kutumika Januari 1, 2022: kila mji uwape wakazi na wafanyabiashara njia ya kutenga mabaki ya chakula, na kila mji ununue bidhaa zinazotokana na taka hizo, iwe mboji, matandazo au gesi, kwa kipimo cha tani 0.08 za taka kwa kila mkazi kwa mwaka.

Fikiria maana yake kwa daftari letu. Hasi yote ilijengwa juu ya dai kwamba bila mtambo makombo yangezikwa. Ikiwa sheria imeshakataza yasizikwe, dai hilo linasimama juu ya nini? Ukilifuta, ukasema makombo haya yangekwenda penginepo kusikotoa methani, kinachobaki ni madeni: gramu 30 za uendeshaji na 11 za uvujaji. Chanya 41. Gesi moja, mtambo mmoja, na namba inayoweza kukaa popote kati ya chanya 41 na hasi 342, kutegemea jibu la swali la ingekuwaje.

Kwa gesi ya dampo lenyewe swali hili lilishajibiwa zamani, na ndiyo sababu iliandikiwa 11.26 badala ya hasi kubwa. Madampo makubwa yanalazimishwa na sheria kunasa gesi yao na kuichoma. Anayeinasa ili aiuze hawezi kudai kwamba bila yeye ingeingia angani bure. Kanuni hiyo ni ya haki, na ningependa kuona ikitumika kwa makombo pia kadiri sheria ya kuyatenga inavyotekelezwa kweli.

Hilo neno la kweli lina uzito. Sheria kuwepo hakumaanishi makombo yameacha kwenda dampo. Miji mingi ya California ilichelewa kuanza, na mitambo ya kupokea taka hizo haijengwi kwa siku moja. Anayejenga mtambo leo anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba fedha za vyeti vya kaboni, ambavyo hutolewa kwa kufuata namba hii, ndizo zinazoifanya sheria itekelezeke. Mnunuzi wa cheti naye anaweza kusema kwamba analipia kitu ambacho sheria ingeleta hata bila yeye. Ninaamini wote wawili wana hoja, na kwamba dawa ni muda: hasi iruhusiwe kwa miaka inayojulikana, kisha ishuke kadiri taka zinavyopungua dampo. Bodi ya hewa ya California imeelekea huko. Katika mabadiliko iliyoyapitisha Novemba 2024, miradi ya bayomethani itakayoanza kujengwa baada ya mwaka 2029 imewekewa kikomo cha kudai methani iliyoepukwa: 2040. Naona ni mbali, lakini kikomo kipo.

Fedha zenyewe si ndogo, na hazitulii. Cheti kimoja katika soko la mafuta la California ni tani moja ya hewa ukaa. Mwaka 2020 kilikuwa kikiuzwa karibu dola 200. Kufikia 2024 kilikuwa kimeshuka chini ya dola 80. Mtambo uliokopa fedha ukitegemea bei ya kwanza hauwezi kulipa deni kwa bei ya pili, hata kama makombo yanaingia kila asubuhi bila kukosa.

Kuna jambo la tatu ambalo huumiza vichwa vya wahasibu, nalo ni nani mwenye haki ya kusema kilo zile 304 ni zake. Mji uliotenga taka unataka kuziandika kwenye ripoti yake ya tabianchi. Mwenye mtambo anauza cheti. Mwenye malori anatangaza kwamba magari yake hayachafui. Mwenye dampo anaripoti kwamba gesi yake imepungua. Anga limepata nafuu moja na madaftari manne yameiandika. Tena gesi ikishaingia kwenye bomba la kampuni ya gesi, molekuli zake huchanganyika na zile za visimani, na aliyeinunua anamiliki karatasi tu. Suluhisho linafahamika, kwamba karatasi moja ikiuzwa, wengine wote waache kudai. Gumu ni kuwafanya waache.

Hesabu hii si ya Wamarekani peke yao. Ilitumika Afrika Mashariki kabla wengi hawajaisikia. Chini ya Itifaki ya Kyoto, dampo la Mtoni jijini Dar es Salaam lilisajiliwa kuwa mradi wa kunasa methani. Uganda nayo, kupitia mamlaka yake ya mazingira NEMA na kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, ilisajili mwaka 2010 mpango wa kutengeneza mboji kutokana na taka za miji kama Mbale, Jinja, Mbarara na Fort Portal. Vyeti vya mpango huo vilitoka kwenye swali lile lile: taka hizi zingetoa methani kiasi gani kama zingetupwa?

Na hapa kanuni ya IPCC inasema jambo ambalo wapanga miji wetu wanapaswa kulisikia. Methani huhitaji mahali pasipo na hewa. Dampo la wazi lenye kina kifupi, chini ya mita tano, hupumua, kwa hiyo kanuni inalihesabia asilimia 40 tu ya methani ya dampo lililoshindiliwa na kufunikwa. Lenye kina kirefu lisilosimamiwa linapewa 80. Tani yetu kwenye dampo fupi la mji mdogo ingetoa kilo 20 badala ya 50. Zote zingetoka, maana hakuna bomba. Ukilijenga dampo hilo kisasa, ukalifukia na kulishindilia, umeondoa moshi, nzi na uvundo, na watu wanaoishi jirani wanastahili kuondolewa adha hiyo. Lakini umepandisha methani hadi kilo 50, na ukichelewa na mabomba, kama ilivyoonekana Marekani, kilo 30 zitatoka. Dampo bora kwa afya linaweza kuwa baya zaidi kwa tabianchi kama chakula bado kinaingia humo. Kwa miji yetu, ambako sehemu kubwa ya taka ni chakula na maganda, na ambako joto na mvua huozesha upesi zaidi, kutenga mabaki ya jikoni na sokoni kunapaswa kutangulia ujenzi wa dampo la kisasa, si kuufuata.

Tumepima kila kitu kwa miaka 100, na hilo nalo ni chaguo. Methani hukaa angani kama miaka 12 tu. Ukipima kwa miaka 20, kila kilo inakaribia kuwa sawa na kilo 80 za hewa ukaa, na kila deni au nafuu ya methani tuliyoihesabu inakua karibu mara tatu, ya dampo na ya uvujaji wa mtambo pia. Wenye mitambo hupenda miaka 20 wakizungumzia dampo. Nami nadhani ni kipimo kinachofaa kuonyeshwa kando ya kile cha 100, kwa sharti kwamba matangi yao yapimwe kwa fimbo hiyo hiyo.

Limebaki jambo ambalo kipimo cha gramu kwa megajuli hakiwezi kuliona kabisa. Makombo yanapoingia mtamboni, daftari linaanza hapo. Mbolea iliyokuza mahindi, maji, dizeli ya trekta, umeme wa jokofu, vyote vimeandikwa sifuri, kwa sababu chakula hicho kimeshaitwa taka. EPA ilipopanga upya mwaka 2023 ngazi ya njia za kushughulikia chakula kinachopotea, iliweka juu kabisa kutokipoteza na kukigawa kwa watu, na mitambo ya gesi ikawekwa chini ya hapo. SB 1383 nayo ina kifungu chake, kilicholenga kwamba ifikapo 2025 asilimia 20 ya chakula kinacholika ambacho kingezikwa kiwafikie watu wa kukila. Huko nyuma ya maduka makubwa ya California kuna maziwa yanayokaribia tarehe, mikate ya jana, matunda yenye doa. Kreti moja ikipelekwa mtamboni inakuwa megajuli, na megajuli zina cheti, na cheti kina mnunuzi. Kreti hiyo ikipelekwa kwenye kituo cha kugawa chakula inazuia methani ile ile ya dampo, tena inaokoa shamba zima lililo nyuma yake. Lakini haizalishi mafuta ya gari, kwa hiyo katika soko la mafuta haina namba, na dereva anayeipeleka bado anategemea michango.